Maktau: Stesheni Iliyojengwa kwa Ajili ya Vita

Anayesafiri kutoka Voi kwenda Taveta hupita Maktau, kabla ya barabara kuingia Mbuga ya Tsavo Magharibi. Hapo ipo reli ambayo treni zake zimenyamaza. Vijana wengi hujiuliza: nani alijenga stesheni mahali pakavu namna hii?

Jibu ni vita. Agosti 1914, mwanzoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani waliotawala ng'ambo ya mpaka waliiteka Taveta. Kutoka huko vikosi vyao vilivuka nyika kwenda kulipua reli ya Mombasa–Nairobi. Waingereza walitaka kupeleka jeshi mpakani, lakini njiani maji yalikuwa haba. Mwaka 1915 wakaanza kujenga reli ya tawi kutoka Voi. Kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa Maktau. Kambi kubwa ikapigwa hapo, na maji yakaletwa kwa mabomba kutoka vilima vya Bura. Mwaka 1916 Taveta ilikombolewa, na reli ikaendelezwa hadi Kahe, ikaungana na ile ya Tanga–Moshi.

Vita vilipokwisha, tawi hili lilibaki kuwa njia ya abiria na mizigo, ukiwemo mkonge. Faida yake kubwa ilikuwa kuunganisha nchi mbili. Lakini mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, shirika la pamoja la reli likagawanywa, na Tanzania ikafunga mpaka. Ulipofunguliwa tena mwaka 1983, biashara ya reli haikurudi kama zamani. Mizigo ilihamia kwenye malori. Mpaka ndio ulioizaa reli hii, na mpaka ndio ulioidhoofisha.

Hata hivyo, kimya cha stesheni hakimaanishi kwamba haina mwenyewe. Reli na ardhi yake ni mali ya umma chini ya Shirika la Reli la Kenya, na kung'oa vyuma ni kosa la jinai. Ukikuta risasi au kombora la zamani, usiliguse; mjulishe chifu au polisi.

Maktau pia yapo makaburi ya wanajeshi, wakiwemo waliotoka India. Wapagazi Waafrika waliobeba mizigo ya vita hivyo walikufa kwa maelfu, wengi bila kaburi lenye jina. Ikiwa babu yako alikuwa mmoja wao, waulize wazee jina lake na uliandike. Huenda hakuna mahali pengine lilipoandikwa.