Ukitaka kuuza mchezo mpya, waulize kwanza wachezaji wa zamani

KIPYA kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga. Yamkini wahenga hao hawakuwahi kuwapelekea wachezaji wa ajua wa Homa Bay bao jipya.

Mpwa wangu, kijana anayesomea useremala katika chuo cha kiufundi, alijaribu Desemba iliyopita. Alikopa shilingi 6,000 kutoka kwa mamake, pesa zilizokuwa zimetengwa kwa karo ya Januari. Akanunua mbao, bawaba na vanishi, akaunda mabao matatu ya kwanza yanayokunjika katikati kama sanduku. Ili bao liingie katika mkoba wa shule, alipunguza idadi ya mashimo katika kila safu. Kila bao lilikuwa na karatasi safi iliyopigwa chapa, yenye kichwa "Sheria za Ajua". Bei ilikuwa shilingi 1,200.

Kwa msomaji asiyeijua, ajua ni bao la Waluo. Wachezaji wawili hukaa wakitazamana, wakichota kete kutoka shimo moja na kuzigawa moja moja katika mashimo yanayofuata, kila mmoja akipania kuzila kete za mwenzake. Kete huweza kuwa mbegu au vijiwe. Matangani, wazee hucheza chini ya mti tangu asubuhi hadi jua linapotua ziwani.

Wazee waliokuwa kwa jirani walilipokea bao la kijana kwa heshima. Waliligeuza, wakaligonga kwa kidole, wakahesabu mashimo. Kisha waliliweka chini taratibu na kuendelea na lao la zamani, lililong'aa kwa mafuta ya viganja vyao. Hakuna aliyemkaripia. Hakuna aliyenunua pia.

Jioni hiyo kijana aliniuliza kosa lake lilikuwa wapi. Nilimwambia kwamba swali lake limewahi kuwahangaisha watu wenye pesa nyingi kuliko mamake.

Mchezo wa kusimulia

Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Watu huketi mezani, mmoja akiwa msimulizi na kila mmoja wa wengine akijipa mhusika wake: shujaa, mchawi au mwizi. Msimulizi huwaambia wamefika mlangoni mwa pango. Wao huamua watafanya nini, na mambo yanapokuwa magumu hurushwa dadu yenye pande 20 kuamua kama wamefaulu. Ni kama siwindhe, ile nyumba ya nyanya ambamo watoto wa Kiluo walisimuliwa hadithi, ila hapa mtoto ana ruhusa ya kumkatiza nyanya na kuigeuza hadithi.

Nakala za kwanza zilikuwa 1,000 tu. Hatimaye mchezo huo ulienea duniani na kufikia hata wanafunzi wa miji yetu. Lakini mwenye kuuza mchezo wa aina hii ana tatizo moja. Kitabu cha sheria hakiishi kama sabuni. Aliyekinunua leo anaweza kukichezea miaka 30 bila kurudi dukani. Kwa hivyo kampuni hutoa toleo jipya, kisha huwaendea watu wale wale walio na toleo la zamani na kuwaomba watoe pesa tena.

Mzazi anayenisoma anajua uchungu huo. Kitabu cha shule kinapotolewa upya, kifungua mimba hawezi tena kumrithisha kitinda mimba. Tofauti ni kwamba mwanafunzi hana hiari. Mwenye kucheza anayo.

Somo la mwaka 2008

Dungeons & Dragons imetolewa upya mara kadhaa. Toleo la pili lilitoka mwaka 1989, na la tatu mwaka 2000, wakati mchezo ulikuwa tayari mikononi mwa kampuni ya Wizards of the Coast. Mwaka 2008 likaja la nne, lililobadilisha mambo mengi kwa mpigo. Wapenzi wengi waliona wameletewa mchezo mwingine wenye jina la ule waliouzoea, nao wakakataa.

Hapo kampuni nyingine, Paizo, iliona mwanya. Ilichukua sheria za zamani, ikazirekebisha, na kabla ya kuuza chochote ikatoa rasimu bure na kuwaomba wachezaji waijaribu na kuikosoa. Mchezo huo, Pathfinder, ulitoka rasmi mwaka 2009 na kuwapa makao wale waliojiona wametupwa.

Wizards of the Coast walijifunza. Mwaka 2012 waliwaita wachezaji wote waliotaka, wakawapa rasimu ya toleo la tano na kuwauliza maswali hatua kwa hatua. Lilipotoka mwaka 2014, sheria za msingi zilitolewa bure. Wateja walikuwa wamekwisha kulizoea kabla ya kulinunua, na toleo hilo likafanikiwa mno.

Hata hivyo, aliyejifunza huweza kusahau. Januari 2023 ilifichuka rasimu ya masharti mapya ambayo yangewabana watu waliokuwa wakitunga na kuuza visa vyao wenyewe kwa kutumia sheria za mchezo huo. Wapenzi walighadhabika, na wengi wakakatiza malipo yao ya kila mwezi. Kabla ya mwezi huo kwisha, kampuni ilirudi nyuma na kuziachia sheria za msingi zitumiwe na yeyote. Kitabu kipya cha wachezaji kilipotoka mwaka 2024, wauzaji walikariri jambo moja: visa mlivyonunua tangu 2014 bado mnaweza kuvichezea.

Ukiyatazama hayo yote, utaona kwamba kampuni ilipouliza, iliuza. Ilipoamuru, iliomba radhi.

Bao la jiwe

Siku mbili baadaye nilimpeleka mpwa wangu katika kaunti jirani ya Migori, tukatembelee Thimlich Ohinga. Hizo ni kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo, kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori. Yaaminika zilijengwa katika karne ya 16, na mahali pengine zinazidi mita nne kwa kimo. Shirika la UNESCO lilipatia eneo hilo hadhi ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Jamii mbalimbali zimeishi humo kwa zamu, kila moja ikikarabati kuta ilizozikuta.

Sikumpeleka kwa sababu ya kuta. Katika boma liitwalo Kochieng' kuna mashimo yaliyochongwa juu ya mwamba. Ni bao la kuchezea, na yamkini waliolichonga walikuwa wakazi wa awali. Kijana alichuchumaa, akatia kidole katika shimo moja, kisha jingine. Alikaa kimya muda mrefu.

Lile ndilo toleo lililomshinda, nilimwambia. Halina kampuni wala tangazo, wala hakuna aliyewahi kulipia karatasi ya sheria zake. Limedumu kwa sababu kila boma lililolipokea lilicheza kwa kanuni zake, na mtoto akajifunza kutoka kwa babu yake. Kila nyumba ina toleo lake tayari. Sasa wewe unakuja na karatasi moja kuwaambia kwamba hizi ndizo sheria za ajua?

Daftari badala ya bao

Tuliporudi Homa Bay, kijana aliwaendea wale wazee tena, safari hii akiwa na daftari badala ya bao. Aliketi chini, akasubiri mchezo uishe, akauliza.

Kumbe bawaba hazikuwaudhi hata kidogo. Wengine walipenda bao linaloweza kubebwa kwa pikipiki. Vanishi haikuwa tatizo pia. Mashimo yaliyopunguzwa ndiyo yaliyoharibu biashara, kwa maana hesabu waliyoizoea vidoleni ilivurugika. Aidha, mashimo yenyewe yalikuwa membamba mno kwa vidole vya mzee. Kuhusu karatasi, wazee wawili waliokaa ubavu kwa ubavu walibishana nusu saa, kila mmoja akidai sheria za kwao ndizo za haki.

Kwa mbao zilizosalia alitengeneza mabao mengine manne. Alirudisha mashimo yote, akayapanua, akabakisha bawaba. Karatasi aliiandika upya: juu aliweka maelezo mafupi ya kumsaidia mtoto wa mjini aanze, na chini akaacha mistari mitupu yenye kichwa "Sheria za nyumba yetu". Aliwaomba wanunuzi wajaze mistari hiyo pamoja na mzee wao kabla ya kurudi mjini.

Yote manne yalinunuliwa na wazazi waliokuwa wamekuja nyumbani kwa Krismasi na kuchoka kuwaona watoto wao wameinamia simu. Mamake amerudishiwa shilingi 4,800; deni la 1,200 lingalipo. Yale matatu ya kwanza yamo nyumbani, na wadogo zake hufundishana kuhesabu juu yake.

Wale wazee bado wanatumia bao lao la zamani, wala kijana haoni tena kwamba hiyo ni hasara. Mmoja wao alimtuma mjukuu wake anunue moja, si kwa ajili yake, bali kwa ajili ya watoto walio Nairobi. Lakini kabla ya kulikabidhi, aliomba kalamu. Alijaza ile mistari yote mitupu, akageuza karatasi na kuendelea upande wa nyuma.