Asiyekubali Kushindwa si Mshindani

Wengi mwaniuliza kwa nini nimeuacha mchezo wa video wa LEGO Star Wars. Mchezo huo ulitoka mwaka 2005, nao unafuata hadithi ya filamu 3. Wawili huucheza pamoja, hata mtoto na babake. Mhusika wako akiuawa, huvunjika vipande vipande, hupoteza sarafu kadhaa, kisha huibuka papo hapo. Basi, hakuna kushindwa! Mdogo wangu wa miaka sita huufurahia sana. Lakini mimi, pasipo hofu ya kushindwa, ushindi haukuwa na ladha tena. Sasa yeye hununa kwa kukosa mwenzake. Kwa hivyo ninamfundisha dama. Huko, jamani, kete ikiliwa imeliwa!