Rangi za jikoni na hatari ya chupa ya soda
Mvua ikiwafungia watoto ndani hapa Kibomet, Kitale, wape karatasi na rangi za jikoni: chai ya rangi iliyokolea, maji ya bitiruti na bizari ya manjano iliyokorogwa. Bizari ikiguswa na povu la sabuni hugeuka nyekundu, na watoto hushangilia. (Sare za shule ziwe mbali, bizari haitoki.)

Rangi hizo zitie kwenye sahani, kamwe si katika chupa ya soda. Mtoto hatofautishi chupa hiyo na ile ya mafuta taa. Akiyanywa, usimtapishe wala kumpa maziwa: akitapika, mafuta huingia mapafuni. Mkimbize hospitali hata kama anacheza. Kikohozi na kuhema huweza kuanza saa kadhaa baadaye.