Dawa Ikiisha Muda, Aibebe Nani?

Mgonjwa ambaye damu yake huganda mishipani, au aliyewekewa vali ya moyo ya bandia, mara nyingi huandikiwa vidonge vya warfarin. Dawa hiyo ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1948 kama sumu ya panya. Panya aliyeila alivuja damu ndani kwa ndani mpaka akafa. Mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu, na Rais Dwight Eisenhower alipopata mshtuko wa moyo mwaka uliofuata, ni miongoni mwa dawa alizopewa. Kinachotenganisha tiba na sumu hapa ni kipimo tu.

Sheria ya taka ya Marekani ya mwaka 1976 haikuuliza kipimo. Orodha za taka hatarishi zilipotengenezwa chini yake, warfarin ikawekwa kwenye kundi la sumu kali kabisa, jirani na arseniki, ambayo nayo leo hutibu aina moja ya saratani ya damu. Walioziandika walikuwa wakiviwazia viwanda na matangi yao, si muuguzi mwenye trei. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Taasisi iliyotupa zaidi ya kilo 1 ya taka za kundi hilo kwa mwezi ilipandishwa daraja la mzalishaji mkubwa, pamoja na kiwanda kinachotoa kilo 1,000 au zaidi za taka hatarishi za kawaida. Hospitali ikabebeshwa mzigo wa kiwanda cha kemikali kwa sababu ya vidonge vya kuzuia damu kuganda: rejista, mafunzo, mikataba na magari yenye leseni. Hata chupa iliyokwisha vidonge ilikuwa na masharti yake.

Na hatua chache kutoka kwenye kabati la dawa kulikuwa na sinki.

Sheria ile ile ilikuwa na mwanya: taka iliyochanganyika na majitaka ya nyumbani, ikaelekea kwenye mtambo wa umma wa kusafisha maji, haikuhesabika tena kuwa taka hatarishi. Aliyemimina hakuvunja sheria. Kwa dawa za kulevya zitumikazo hospitalini, kumimina ilikuwa karibu desturi. Muuguzi anamwaga kilichobaki kwenye bomba la sindano, mwenzake anashuhudia, wote wawili wanatia saini, na hofu ya wizi inaishia hapo. Sikubali kwamba wauguzi hao walikuwa wazembe. Waliwekewa njia mbili, moja yenye makaratasi na gharama, nyingine yenye kufungua maji tu. Anayetunga kanuni akaiacha hali hiyo asishangae watu wakipita njia fupi.

Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani, EPA, lilichukua miaka mingi kuliona hilo. Kanuni mpya ilichapishwa Februari 22, 2019, na kuanza kutumika Agosti 21 mwaka huo. Sehemu iliyotangazwa sana ni marufuku: hospitali, zahanati, maduka ya dawa, hata kliniki za mifugo, zisimimine taka hatarishi za dawa kwenye mfumo wa majitaka, katika jimbo lolote. EPA ilikadiria kwamba marufuku hayo yangezuia kati ya tani 1,644 na tani 2,300 kila mwaka zisiingie kwenye maji.

Mimi naona uzito uko kwenye sehemu ya pili, ambayo haikupigiwa kelele. Taka za dawa zinazoshughulikiwa kwa utaratibu mpya hazihesabiwi tena katika kupanga daraja la mzalishaji, kwa hiyo hofu ya kilo 1 ikaondoka. Hospitali inaweza kuzihifadhi hadi siku 365, muda wa kutosha kujaza gari. Lebo moja inatosha kwenye pipa, badala ya kumtaka muuguzi akariri misimbo ya kemikali. Bazoka na plasta za nikotini za kusaidia kuacha sigara zikatolewa kwenye orodha ya sumu kali. Dawa za kulevya ambazo pia ni taka hatarishi zikasamehewa masharti mengi ya sheria ya taka, alimradi zichomwe ipasavyo na zisimiminwe. Zinazoweza kurudishiwa fedha na mtengenezaji hupitia kwa wakala wa kurejesha, ambaye ana siku 30 za kuzikagua. Kwa kifupi, njia ya mkato ilizibwa na kanuni ile ile iliyofupisha njia halali.

Kwa nini ugomvi na sinki? Mitambo ya majitaka ilijengwa kupambana na kinyesi na vijidudu, na dawa nyingi hupita humo bila kuguswa sana. Mwaka 2001 wanasayansi wa Kanada walianza kutia katika ziwa moja dogo la utafiti huko Ontario homoni itumikayo kwenye vidonge vya uzazi wa mpango, kiasi cha nanogramu 5 hadi 6 kwa lita, kwa miaka mitatu. Samaki wadogo wa kiume wakaanza kutengeneza protini ya mayai, na jamii yao ziwani karibu itoweke kabisa. Kweli, sehemu kubwa ya dawa zilizomo mitoni hutokana na mikojo yetu sisi tuliozimeza, na hakuna kanuni itakayotuzuia kukojoa. Lakini chupa iliyojaa, isiyomezwa na mtu, haina kisingizio hicho.

Hapa Tanzania zahanati nyingi hazina mfereji wa majitaka wa kupigia marufuku. Kuna choo cha shimo, shimo la kondo la nyuma, na kama kuna bahati, kichomea taka cha matofali. Tanuru dogo la namna hiyo linafaa kwa sindano na pamba. Kwa dawa za saratani, Shirika la Afya Duniani linataka moto wa zaidi ya nyuzi 1,200, na tanuru la matofali halifiki huko. Tanuru la kiwanda cha saruji linafika, na zaidi.

Hatari nyingine ni binadamu. Dawa iliyotupwa jalalani ikiwa na boksi lake safi inaweza kuokotwa, tarehe ikafutwa, ikarudi sokoni. Ndiyo sababu utaratibu wetu wa kuteketeza dawa una macho mengi. Mwenye dawa huomba kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, huorodhesha alichonacho, hulipia gharama, na uteketezaji hufanyika mbele ya mkaguzi wa dawa, afisa wa mazingira au wa afya, na polisi. Juu yake zipo kanuni za taka hatarishi za mwaka 2021, zinazodai kibali kwa anayekusanya na kusafirisha taka hizo.

Utaratibu huo una maana kwa mwagizaji mwenye kontena zima. Mganga mfawidhi wa zahanati ya kijijini mwenye makopo manne ya vidonge na katoni moja ya dripu zilizopitwa na wakati yuko katika hali ya wauguzi wa Marekani kabla ya 2019. Gharama ya kufuata sheria inaizidi thamani ya alichonacho. Akiwa mwaminifu, atazirundika stoo, pembeni ya dawa nzima, na siku moja mtu mwenye haraka atachukua kopo lisilo lake. Akichoka, shimo la choo liko nyuma ya jengo.

Dawa zikirundikana, bei ya kuchelewa ni kubwa. Wakati wa vita vya Bosnia, kati ya mwaka 1992 na katikati ya 1996, misaada ya dawa ilimiminika hovyo, na takriban tani 17,000 zikaishia kuwa taka. Gharama ya kuziteketeza ilikadiriwa kuwa dola milioni 34. Uzoefu wa huko ulichangia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999, wenye mbinu ambayo hata halmashauri maskini inaiweza: pipa la chuma linajazwa dawa robo tatu, linamiminwa mchanganyiko wa chokaa, saruji na maji, linafungwa, linazikwa kwenye dampo linalosimamiwa.

Mbinu si tatizo, basi. Tatizo ni safari kutoka stoo ya zahanati hadi kwenye pipa hilo. Magari ya Bohari ya Dawa, MSD, hufikisha dawa vituoni. TMDA, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, na Wizara ya Afya wakae waandike kanuni nyepesi kwa vituo vidogo: orodha ya ukurasa mmoja, boksi lililofungwa kwa lakiri, kibali kimoja cha mwaka kwa halmashauri nzima, na gari lililoleta dawa mpya liondoke na zilizoharibika hadi wilayani, zikateketezwe kwa pamoja mbele ya mkaguzi mmoja. Gharama ibebwe na bajeti ya dawa yenyewe, si na mganga mfawidhi. Mpaka hapo, kumtisha kwa faini mtu mwenye makopo manne ni kumwonyesha njia ya chooni.