KIOO KINACHOJIGEUZA KWA JOTO

Mwaka 1959 mtaalamu F. J. Morin wa Maabara ya Bell, Marekani, alieleza tabia ya ajabu ya oksaidi ya vanadi. Chini ya joto la nyuzi 68 haipitishi umeme vizuri. Ikivuka hapo hugeuka ghafla ikawa kama metali, na umeme hupita maelfu ya mara zaidi. Haiyeyuki, atomi zake tu ndizo zinazojipanga upya, na ikipoa hurejea ilivyokuwa.

Kipande kikubwa hupasuka kikigeukageuka hivyo. Chembe za nano, ambazo zaidi ya elfu moja hukaa katika upana wa unywele, hustahimili. Ndiyo maana wataalamu wanazijaribu katika swichi ndogo mno, na kuzipaka kwenye vioo vya madirisha: jua likiwa kali, kioo huzuia miale ya joto isiyoonekana na kuuacha mwanga upite.

Kwa nchi zenye theluji hilo ni jambo jema, kwani wakati wa baridi kioo hicho huliruhusu joto kuingia. Kwa kutia asilimia mbili hivi ya tungsteni, kiwango cha kugeuka hushuka hadi karibu na joto la chumba.

Lakini Unguja na Pemba wapi na theluji? Hata kipupwe chetu hakimlazimishi mtu kuota moto. Dirisha la namna hiyo likipigwa na jua la hapa litakuwa likizuia joto mwaka mzima, kazi ambayo kioo cha kawaida chenye utando wa kukinga joto, au upenu mpana tu, huifanya bila makeke. Isitoshe, hewa yenye unyevu huigeuza oksaidi hii ikawa nyingine isiyo na tabia hiyo, isipofunikwa barabara.

Hatusemi umeme usiokolewe. Tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikosa umeme wa kutoka Bara, na hakuna aliyesahau. Tunachowaomba wakuu wanaohusika na majengo ya Serikali ni kwamba, wakiletewa vioo hivi, wadai kuandikiwa: hugeuka katika nyuzi ngapi, vimefunikwa kwa nini, na vimejaribiwa miaka mingapi katika hewa ya bahari.

Fedha zikiwapo, tungependelea ziende kwa ndugu yake, oksaidi ya vanadi isiyogeuka ghafla, iliyomo katika kamera nyingi zinazoona joto la mwili gizani. Mvuvi aliyepotea usiku katika mkondo wa Pemba angetafutwa kwa kamera hizo.