Siku Kumi Ufipa: Ungo Sikuuona, Chuma Nimekiona!

MSOMAJI wangu, taja Sumbawanga mbele ya Wabongo kumi. Tisa watacheka, wa kumi atakuuliza umekosana na nani. Ndivyo tulivyozoea. Mtu akiumwa jino ghafla, ooh, katumiwa kitu kutoka Sumbawanga. Timu ikifungwa bao la dakika za majeruhi, kocha wa wenzetu alionekana Sumbawanga. Masela wa kijiweni kwetu Sinza waliposikia likizo yangu naipeleka huko, mmoja wao aliniomba kwa upole kabisa nimwachie redio yangu, maana kurudi kwenyewe ni majaliwa.

Haya, nimerudi. Redio yangu naidai.

Tuanze na jina lenyewe, kwa sababu hapa ndipo kichekesho kinapowageukia wachekaji. Wafipa wenyewe watakwambia kwamba kwa Kifipa jina hilo lina maana ya "tupa uchawi". Yaani ni amri! Mwenye navyo aviache huko huko nje ndipo aingie mjini. Mji umejiita hivyo, sisi wa Dar tukaupindua kichwa chini miguu juu.

Safari yetu ilikuwa ya siku kumi, watu sita, wanne wa kiume na kina dada wawili, na kiongozi mmoja tu: mwalimu mstaafu wa historia, mzaliwa wa huko huko. Sitamtaja jina kwa sababu hapendi magazeti. Tulimwita Mwalimu, naye alituita "wanangu" hata tulipomkera. Kutoka Dar mpaka Sumbawanga ni zaidi ya kilometa 1,100, kwa hiyo tulilala Mbeya, kesho yake tukapita Tunduma na kukata kulia. Hapo lami inateleza kilometa 220 na ushei, ile iliyojengwa kwa fedha za Wamarekani za MCC, mkataba wake ukasainiwa mwaka 2008. Abiria wa siti ya mbele yangu, mama mtu mzima, alisema zamani kipande hicho wakati wa masika uliaga nyumbani kama unakwenda vitani.

Usiku wa kwanza mjini Sumbawanga ulitufundisha adabu. Baridi! Mji uko juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na sisi tumekuja na fulana za kubana na viatu vya wazi. Sista mmoja wa msafara wetu alilala na taulo mbili na bado akalalamika. Asubuhi sokoni tukanunua makoti ya mtumba, mambo yakawa bomba.

Mwalimu alituchorea ramani mezani kwa kidole kilicholowa chai. Hapa katikati, alisema, ni meza, na meza hiyo ndiyo Ufipa. Upande wa mashariki meza inakatika unaanguka bonde la Rukwa, upande wa magharibi inakatika tena unaanguka Ziwa Tanganyika. Maziwa yote mawili yako chini huko, mita 800 hivi au pungufu. Juu ya meza ni nyasi, upepo, mahindi na maharage mpaka macho yachoke. Rukwa ni mmoja wa ile mikoa minne maarufu ya mahindi, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Ugali unaokula Manzese, huenda umetoka kwa wale wale unaowaita wachawi. Umelifikiria hilo?

Na wanalima kwa akili. Kuna matuta yao ya duara wanayaita intumba. Nyasi zinakatwa, zinafukiwa ndani ya udongo kipindi cha mvua, zinaoza humo, kisha msimu unaofuata ndipo panapandwa juu yake. Mbolea ya bure. Mwalimu alisema wakulima walikuwa wakifanya hivyo kabla mtaalamu yeyote hajateremka kwenye gari la Serikali.

TANURI NI BIBI HARUSI

Siku ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Tuliondoka mjini kuelekea upande wa Nkasi, tukaiacha barabara kubwa, tukatembea kwa miguu saa nzima mpaka kijiji ambacho nacho sitakitaja, wasije wale jamaa wa kuchimba "mali ya Mjerumani" wakakimbilia na sururu. Katikati ya shamba lililovunwa lilisimama dude la udongo, mnara mnene chini na mwembamba juu, umenizidi kimo karibu mara mbili. Nilidhani ni kichuguu. Mwalimu akavua kofia.

"Lungu hilo," akasema. Mengi wanaita malungu. Ni tanuri la kuyeyushia chuma.

Sasa sikiliza, maana shuleni mimi nilifundishwa kwamba chuma kilikuja na meli. Wafipa walichukua mawe yenye chuma, wakayapanga na mkaa ndani ya lungu, tabaka kwa tabaka, wakawasha. Chini kuna matundu ya kuingizia hewa. Hakuna mviba! Urefu wa tanuri ndio unaofanya kazi: moto unapanda juu, unavuta hewa mpya kwa chini, kama dohani la tanuri la mikate. Linawaka lenyewe siku kadhaa. Likishapoa wanatoa donge, wanalipeleka kwenye tanuri dogo, na hapo ndipo mviba inapotumika kulisafisha, kisha mhunzi analigonga likawa jembe, shoka au mkuki. Majembe hayo yaliuzwa na kulipiwa mahari.

Kina dada wakauliza mbona Mwalimu alivua kofia. Hapo akacheka. Kwa Wafipa wa zamani lungu lilikuwa mwanamke. Kabla ya kuwashwa kwa mara ya kwanza lilipambwa kama bibi harusi, na chuma kilichotoka kilikuwa ni mtoto. Wafua chuma, kwa muda wote wa kazi, marufuku kulala na wake zao, maana wangekuwa wanamsaliti mke wa shambani. Mshikaji wetu mmoja akasema hiyo kazi yeye asingeiweza hata kwa dawa. Na dawa zilikuwepo: fundi mkuu alikuwa na kikapu chake cha dawa, na nyingine zilifukiwa chini ya tanuri.

"Sasa Mwalimu," nikamwambia, "si ndiyo huo uchawi wenyewe?"

Hakukasirika. Aliniuliza kama nimewahi kuona meli mpya ikivunjiwa chupa ya mvinyo ubavuni. Nikasema nimeona kwenye video. Akaniuliza, je, ile meli inaelea kwa sababu ya chupa? Nikanyamaza. Akaendelea: fundi alijua jiwe gani lina chuma na lipi halina, mkaa wa mti gani una moto mkali, udongo gani haupasuki. Hizo ndizo siri zake. Kikapu kilikuwa cha kumtia moyo na kuwafukuza wenye midomo mirefu. Mzungu alipofika aliona kikapu, akaandika uchawi.

Malungu yalikuwa bado yanawaka karne ya 20 ilipoanza. Yaliyoyaua ni majembe ya viwandani kutoka Ulaya. Yalikuwa rahisi, na hayakudai mtu alale nje ya nyumba yake wiki nzima.

Tulikuwa tunapiga picha mwenye shamba alipotokea. Mtu wa makamo, mpole. Alichuchumaa akapiga makofi taratibu kutusalimu, heshima ya huko, nasi tukajikuta tunapiga makofi kama wanafunzi wa chekechea. Kisha akamweleza Mwalimu kwamba msimu unaokuja anataka kulibomoa lile dude. Linamla nafasi ya shamba, watoto wanapanda juu yake, na ule udongo wake uliochomwa unafaa kuchanganyia matofali.

Mwalimu alibadilika rangi. "Mdogo wangu, hili ni kaburi la babu zako."

"Mwalimu, babu zangu nawaheshimu. Lakini nina watoto watano. Hawa wageni wako wamepiga picha, wanaondoka. Mwaka jana walikuja wengine, nao walipiga picha."

Siyo siri, mimi niliona aibu kwa sababu maneno yale yalikuwa kweli tupu. Tunalipa nauli ya kwenda kupiga picha Mji Mkongwe, na wenye pesa wanakwenda Dubai kupanda ngamia, lakini mtu anayelima kuzunguka historia ya chuma ya Tanzania hapati hata senti ya chumvi. Walibishana kama nusu saa kwa Kifipa. Mwisho mwenye shamba alisema atafikiri. Tulichanga pesa kidogo, akazikataa. Mmoja wetu akampa mtoto wake daftari na kalamu, hizo akazipokea.

Jioni ile Mwalimu hakuongea sana. Baadaye, kwenye moto, alitutolea hadithi ya Milansi, kitovu cha utawala wa Ufipa. Inasimuliwa kwamba mwene wa hapo alikwenda kuwinda, huku nyuma wakafika wanawake wageni watatu, mmoja akakikalia kigoda chake. Mwene aliporudi alikuta kazi imekwisha! Watawala wa Nkansi na Lyangalile wakajihesabu kuwa wametoka kwa wanawake hao, na mtu wa Milansi akabakia na heshima ya mambo ya mila. Kina dada wetu walishangilia mpaka mbwa wa jirani wakabweka.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakutaka tulikwepe. Mwaka 2013 Rukwa iliingia kwenye habari za dunia kwa sababu ya watu wenye ualbino kuvamiwa na kukatwa viungo. "Mkitaka kuandika andikeni na hilo," alisema, "lakini andikeni pia kwamba wanaonunua wana pesa za mjini." Utani wa ungo una mwisho wake. Mpumbavu mwenye pesa huuchukua kama tangazo la biashara, akafunga safari.

MLIMA, NYIKA NA MAJI

Msitu wa Mbizi uko jirani kabisa na mji. Unapanda taratibu, ukungu unakufuata, na ukiwa na bahati unakutana na mbega wekundu wakirukaruka. Sisi tuliona mikia tu. Kutoka kilele unatazama bonde la Rukwa kama unatazama kutoka dirisha la ndege.

Kushuka kwenda Muze ni kona juu ya kona. Chini, dunia nyingine: joto, vumbi, makoti tukayafunga kiunoni. Jangwa Tanzania hatuna, lakini simama kando ya Ziwa Rukwa kiangazi uone udongo mweupe wa magadi uliopasuka, na maji huko mbali yanametameta. Ziwa hili halina mto wa kulitoa maji. Ni la kina kifupi, leo linapanuka, kesho linarudi nyuma, na wavuvi wanahama nalo. Lina mamba, tena wa kutosha. Mbuga za nyasi zinazolizunguka ni moja ya makazi makuu ya nzige wekundu barani Afrika. Mwaka 1880 Joseph Thomson wa Uingereza alilipa jina la Leopold, mfalme wa Wabelgiji ambaye hajawahi hata kunawa uso humo. Jina likafa, Rukwa ikabaki.

Upande wa pili wa meza ni Kalambo, kwenye mpaka na Zambia. Maji yanaanguka mara moja, zaidi ya mita 200, bila kugusa kitu. Usipime! Juu kidogo ya maporomoko, mwaka 1953 Desmond Clark alianza kuchimbua zana za kale. Mwaka 2023 wataalamu wakatangaza kwamba magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa na binadamu wa kale yana umri wa miaka kama 476,000. Ni kazi ya useremala kabla ya sisi binadamu wa leo kuwepo!

Tulimalizia Kasanga, bandari ya Ziwa Tanganyika ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg. Ngome yao ilitekwa Juni 1916. Mwingereza Spicer-Simson alikuja na boti zake, akaiona mizinga ukutani, akaingiwa na baridi, akageuza. Usiku Wajerumani wakatoroka kwa majahazi. Kumbe mizinga ilikuwa ya miti! Tulikula mgebuka wa kukaanga huku Mwalimu akiisimulia, na nadhani hiyo ndiyo hadithi aipendayo kuliko zote.

Ukitaka kwenda, chagua kati ya Juni na Oktoba, barabara za vumbi zinapitika. Beba koti zito, fulana ya bondeni, na viatu vya kutembelea. Tafuta mwenyeji, kwa sababu malungu hayana kibao. Na ukiingia shambani kwa mtu, mwone kwanza mwenyewe, ukubaliane naye cha kumwachia kabla hujatoa kamera.

Wiki iliyopita nilimpigia simu Mwalimu. Yule bwana amepanda mahindi kulizunguka lungu, kaliacha kwa msimu huu. Wa mwakani hajasema.