Barua Inayojituma Yenyewe: Kwa Nini Mashine Yetu Ilinyamaza



Wengi wenu mlikuwa mnapokea taarifa yetu kila Jumatatu kwa barua pepe. Hakuna mtu aliyekuwa anaituma kwa mkono. Kompyuta ya ofisi, ya Windows 7, ilikuwa na skripti, yaani faili ndogo ya maagizo. Saa kumi na mbili asubuhi ilichukua taarifa iliyoandaliwa na kuituma Uvira, Walungu, Kalehe na Shabunda.

Kisha mchungaji mwenzetu wa Shabunda akatupigia simu: "Wandugu, mmetusahau?" Barua zilikuwa zimekoma wiki sita, nasi hatukujua. Aliyeandika skripti aliiagiza iruke kila kosa na kuendelea. Ilishindwa, ikanyamaza.

Tulipotafuta sababu, tulijifunza mambo ambayo yanaweza kusaidia ofisi zenu.

Kanuni ya kusafirisha barua pepe, SMTP, iliandikwa mwaka 1982, wakati kompyuta zilikuwa chache na zinaaminiana. Leo seva inayopokea barua inadai mambo matatu.

La kwanza ni mlango. Namba 465 huficha mazungumzo tangu neno la kwanza. Namba 587 huanza wazi, kisha huyaficha. Skripti za zamani nyingi zinabisha namba 25, ambayo mara nyingi imefungwa.

La pili ni lugha ya siri, TLS. Matoleo yake ya kwanza, 1.0 na 1.1, yaliachwa rasmi Machi 2021. Windows XP inaishia 1.0. Windows 7 inaweza 1.2, lakini programu nyingi zinazotegemea Windows yenyewe haziitumii mpaka mfumo usasishwe na kurekebishwa.

La tatu ni ufunguo. Tangu tarehe 30 Mei 2022, Google ilianza kukataa neno la siri la kawaida kutoka kwa programu za namna hii. Lazima kwanza uwashe uthibitisho wa hatua mbili, kisha uombe neno la siri la programu, lenye herufi 16.

Mbele ya hayo yote, tazameni saa. Betri ndogo ya ndani ikifa na umeme ukikatika, kompyuta inarudi miaka nyuma. Hapo cheti cha seva kinaonekana kama hakijaanza kazi, na mazungumzo yanavunjika. Wengi hubadilisha skripti siku nzima, kumbe shida ni betri.

Sisi tulifanya hivi. Tulibadilisha betri. Tuliweka Python 3.8, toleo la mwisho linalokubali Windows 7, kwa sababu inakuja na TLS yake yenyewe wala haingoji ile ya Windows. Tuliandika skripti upya kwa mlango 465. Mwisho, tuliiagiza iandike kila tokeo katika faili: siku, saa, imefaulu au imeshindwa, na kosa gani. Katibu anaisoma kila Jumatatu kabla ya chai.

Lakini hii ni dawa ya muda. Windows 7 haipati marekebisho ya usalama ya kawaida tangu tarehe 14 Januari 2020. Kompyuta ileile ikiwekewa Linux, programu ndogo ya msmtp pamoja na ratiba ya cron inafanya kazi hiyohiyo, tena bila kulipia leseni. Tunajiandaa kuhamia huko.

Kuna jambo zito zaidi. Ndani ya skripti yetu ya kwanza, neno la siri lilikuwa limeandikwa wazi, na pembeni yake orodha ya majina na namba za simu za washiriki. Katika nyakati tulizo nazo, orodha kama hiyo si karatasi ya kuacha mezani. Tumefungua anwani ya kutuma tu, isiyohifadhi barua za mtu. Orodha imebaki na anwani za makanisa peke yake. Kompyuta ikiibiwa, tutafuta ule ufunguo mmoja tu.

Tunawaomba neno moja. Mkipokea taarifa, jibuni: "Tumefikiwa." Hata skripti ikiandika "imefaulu", maana yake seva imeipokea barua tu. Kama imemfikia ndugu wa Shabunda, ni yeye peke yake anayeweza kutuambia.